Chakula cha Mgonjwa

Kaka yangu alinikuta nafyeka nyasi nyuma ya nyumba yetu pale Kenyamonta, mwezi wa tano, zikiwa zimenifika kiunoni. Akaita wenzake. "Mura, vijana, njooni muone! Ng'ombe wa huku amelazwa, anapelekewa chakula kitandani." Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kwetu ng'ombe huyafuata majani mwenyewe. Anayemkatia huonekana hana akili.

Nikaendelea kufyeka. Nilikuwa na ng'ombe mmoja tu wa kumwangalia, yule mwekundu wa mama, ambaye maziwa yake ndiyo yalikuwa chai na uji wa mama tangu meno yamwishe. Nikakata wiki tatu, nikakausha, nikafunga matita, nikayapanga juu ya kichanja na kuzungushia miiba.

Zamani kiangazi kilikuwa na adabu. Kilikuja baada ya mavuno, mwezi wa tisa mvua ikakifukuza. Siku hizi kinakaa kama shemeji asiye na kwao. Semina za tabianchi tumekaa, soda tumekunywa, na kaka alikuwa mstari wa mbele anatikisa kichwa kukubali. Najua moshi uliovuruga mvua haukutoka kwenye mafiga yetu. Wenye viwanda vyao nawachukia vilevile, ila wao siwafikii. Kaka namfikia.

Mwaka huo vuli haikunyesha. Kufika mwezi wa kumi na moja ng'ombe wa kaka walikuwa mbavu tupu, wanatafuna mifuko ya plastiki. Matita yangu yangemfikisha yule mwekundu mpaka mwezi wa pili. Siku moja nikaenda mnadani kununua chumvi. Niliporudi, miiba ilikuwa imevutwa pembeni, kundi zima la kaka limo ndani linakula, naye ameegemea fimbo.

"Ng'ombe ni wa ukoo," akasema. "Wafe na majani yapo?"

"Ungeuza nusu wangali na nyama! Ungekata ya kwako!"

"Mimi nikate majani kama mwanamke?"

Hakuwatoa. Nyasi za wiki tatu ziliisha kwa siku mbili, na hazikumwokoa hata ndama. Wa kaka wakaanza kulala wasiinuke. Kabla ya Krismasi yule mwekundu naye akalala, mama akakaa chini akampakata kichwa mpaka mwisho. Kaka akasema ni mipango ya Mungu. Nikamwambia mbele ya watu: Mungu alileta nyasi mwezi wa tano, na wewe ukacheka. Sijamsamehe na sina mpango huo.

Mwaka huu zimefika kiunoni tena. Nakata, ingawa tumebaki na mbuzi wawili. Juzi kaka akaja na panga, peke yake, akasimama kando yangu.

"Nianzie wapi?"

"Kamuulize mama."

Akageuka kumtazama. Mama alikuwa amekaa mlangoni na kikombe chake cha chai ya rangi.