Mashine Iliyokataa Kusimama

Nakumbuka wiki moja ya msimu wa mananasi, mwanangu, wiki ambayo nilimchunguza mwenzangu kuanzia kichwani hadi unyayoni, nisijichunguze mwenyewe hata ukucha. Ninyi mnanijua kama bibi wa Dunda mwenye miwani minene. Hamjui kwamba kabla magoti hayajanigomea nilikuwa fundi umeme katika kiwanda kimoja cha juisi huko Zinga, mwanamke peke yangu katika karakana, na kiburi changu kilikuwa kirefu kuliko ngazi niliyopandia.

Pale kiwandani palikuwa na mashine kubwa ya kusaga mananasi. Mota yake iliendeshwa na kisanduku tunachokiita draivu, kinachoiambia mota ianze lini, izunguke kasi gani, isimame lini. Draivu nayo hupokea amri kutoka kwenye kompyuta ya chumba cha mitambo, kwa waya mwembamba unaounganisha mashine zote. Waya ule ndio mtandao wa kiwanda. Ukikatika, mashine hubaki kama mtu aliyezibwa masikio.

Basi draivu ya kisagio ikaungua. Fundi mkuu wetu, Mzee Mathayo, alikuwa amekwenda Moshi kuzika, na mananasi hayamngoji mtu. Meneja akaniuliza kama naweza kufunga mpya. Nikasema naweza. Kabatini mlikuwa na daftari la shule ambamo Mzee Mathayo alikuwa ameandika kwa mkono mipangilio yote ya draivu ya zamani, mstari kwa mstari. Nililifungua, nikaona draivu mpya ni ya aina nyingine, nikalifunga. Nikaingiza namba yake ya mtandao, kasi ya mota na nguvu yake, mengine nikayaacha kama yalivyotoka kiwandani kwao. Kufika adhuhuri kompyuta ikaitambua, mota ikazunguka, watu wakanipigia makofi. Mwanangu, makofi ni matamu, lakini hayakagui kazi.

Siku ya tatu nikamkuta Chande amefungua kabati langu la umeme. Chande alikuwa mwendesha mitambo, mtu wa Saadani, mpole, mwenye maneno ya kuhesabika. Kazi yake ilikuwa kubonyeza kwenye skrini, si kugusa nyaya. Alikuwa amechuchumaa, anatazama ndani. Aliponiona akasimama, akaniambia kwamba mzigo ukizidi kwenye kisagio, taa ndogo ya mawasiliano kwenye draivu inazimika, kisha inawaka tena. Nikamjibu kwamba yeye abonyeze vitufe, nyaya aniachie mimi. Akafunga kabati, akaondoka.

Tangu hapo nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Niliwahi kusikia kwamba aliomba nafasi ya ufundi, nikapewa mimi. Basi kila alichofanya nikakipa maana. Akikaa kimya, ana lake jambo. Akinisalimu, anajikosha. Skurubu mbili za kabati nikazikuta zimelegea, nikasema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako. Shuku, mwanangu, ni kama miwani ya rangi. Ukishaivaa, hata maziwa huyaona ya kijani.

Siku ya tano nanasi likakwama kwenye kisagio. Bi Tatu, mama mtu mzima aliyekuwa akihudumia mashine ile, akampa Chande ishara asimamishe. Chande akabonyeza. Bi Tatu alimwona akibonyeza kupitia kioo cha chumba cha mitambo, kama alivyomwona mara mia, akachukua mti wake na kuuingiza kulisukuma nanasi. Mashine haikusimama. Visu viliudaka ule mti vikauzungusha, na mkono wa Bi Tatu ukazunguka nao. Chande alitoka mbio akapiga kitufe chekundu cha dharura ukutani, kinachokata umeme wenyewe. Laiti angechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumzia msiba. Bi Tatu alivunjika kifundo cha mkono.

Chande alisema alibonyeza, na mashine ikakataa. Mimi nikafika, nikajaribu mara moja, mashine ikasimama vizuri. Nikajaribu tena, ikasimama. Meneja akanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui, mwanangu. Badala yake nikasema kwamba siku mbili nyuma nilimkuta Chande ndani ya kabati. Sikusema ameharibu. Niliacha maneno yale yaning'inie, wengine wayachume wenyewe. Kabla ya alasiri Chande alikuwa amesimamishwa kazi, na watu walimpisha njia kuelekea getini kana kwamba ana ugonjwa.

Usiniulize kama nililala vizuri. Nililala.

Siku mbili baadaye nilikaa mwenyewe kwenye kiti cha Chande. Mananasi yalikuwa mengi, kisagio kinalia kwa mzigo. Nikataka kukipumzisha, nikabonyeza kusimamisha. Hakikusimama. Nikabonyeza tena. Kisagio kikaendelea kusaga, nami nakitazama kwa macho yangu. Chande hakuwapo. Hakukuwa na mtu kabatini. Palikuwa na kidole changu tu juu ya skrini.

Nikakizima kwa kitufe chekundu, nikamwendea Mzee Mathayo, aliyekuwa amerudi asubuhi ile. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza yaliyotokea. Alichukua daftari lake akasimama mbele ya draivu, akaanza kulinganisha mstari kwa mstari. Alipofika mahali fulani akaniita nisome. Daftarini alikuwa ameandika: mawasiliano yakikatika, mota isimame. Nikatazama draivu niliyoifunga. Ilikuwa imepangwa: mawasiliano yakikatika, mota iendelee. Ndivyo ilivyotoka kwao, nami sikuibadilisha.

Kisha akafuata waya wa mtandao kwa kidole. Nilikuwa nimeufunga pamoja na waya mnene wa mota, bega kwa bega, ili kazi ionekane nadhifu. Mota ikibeba mzigo mzito, umeme wake hulivuruga lile neno dogo la kompyuta linalopita jirani. Amri ya kusimama ilikuwa ikipotea njiani, na draivu, kwa kuwa haikusikia kitu, iliendelea.

"Chande umemkagua mara ngapi?" Mzee Mathayo akaniuliza.

Akaigonga draivu kwa kidole.

"Na hii kazi yako umeikagua mara ngapi?"

Akaniachia bisibisi. Nilibadilisha mpangilio, nikautenganisha waya, tukaijaribu kwa kuuchomoa mtandao makusudi, mashine ikasimama papo hapo. Kisha nikaenda kwa meneja nikasema yote. Nikaenda kwa Bi Tatu nyumbani, nikapiga magoti. Akaniambia mkono utapona, nimtafute yule kijana wa watu.

Nilikwenda Saadani. Nilimkuta Chande na mama yake wakigeuza dagaa juani. Nikamwamkia mama, nikasema kosa langu mbele yake, maana jina la mtoto likichafuliwa mama naye huchafuka. Chande alisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuambia taa inazimika," akasema.

"Uliniambia."

Alikubali kurudi kwa sharti moja: niyaseme yale yale getini, mahali alipopita akitazamwa na wote. Niliyasema. Alirudi, akapewa nafasi ya kujifunza ufundi, na tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Lakini, mwanangu, sikufichi. Kila nilipofunga kitu, alikuja nyuma yangu akakagua skurubu moja moja, hata kazi ndogo ya taa. Sikuwahi kumwambia aache. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kutoniamini.

Basi sikiliza. Sikuambii usishuku, fundi asiyeshuku huzika watu. Nakuambia shuku yako ianzie mikononi mwako. Nyani haoni kundule, nawe ni nyani kama mimi. Kitu kikiharibika, rudi kwenye kazi uliyoifanya wewe, soma maandishi ya aliyekutangulia, jaribu na hali mbaya, si nzuri peke yake. Anayekuletea dalili msikilize, hata kama si cheo chake kukuambia. Na usiache neno nusu likining'inia juu ya kichwa cha mtu, kwa sababu nusu hiyo watu wataimalizia kwa ubaya.

Mungu akupe macho ya kuona kosa lako kabla halijamfikia mwingine, akupe ulimi mzito wa kutuhumu na mwepesi wa kuomba radhi. Na kila utakachokifunga kwa mikono yako, kikiambiwa simama, kisimame. Amina.