Paa la Mama Mkwe

Nimefunga paneli za sola juu ya maduka, makanisa na zahanati kwa miaka mingi, lakini paa lililonihangaisha kuliko yote ni la mama mkwe wangu, kule Manga. Alikuwa amenunua mashine ya kutotolesha vifaranga, na umeme wa nguzo ulikuwa ukikatika kila mara. Mke wangu akamwambia mamake kwamba fundi wa sola anaye nyumbani.

Shida ni kwamba kwetu sisi Wakisii mwanamume hapandi juu ya nyumba ya mama mkwe wake. Kuna heshima ya ukwe, tunaiita chinsoni, na kukanyaga paa la chumba anacholala ni kuivunja.

"Basi nitapanda mimi," mke wangu akasema.

Yeye ni mwalimu wa hisabati. Akavaa suruali yangu ya kazi, nikamfunga mkanda wa usalama, nikamshikia ngazi mpaka akafika juu. Kisha nikarudi nyuma hadi kwenye migomba ili nimwelekeze.

Paa lile lina pande nne. Nilikuwa nimefundishwa kwamba sisi tulio kusini kidogo ya ikweta tuelekeze paneli kaskazini, ziiname kidogo ili mvua izioshe vumbi. Nikamwambia aanze upande huo.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga, amenipa mgongo. Alisema na bintiye, ingawa sote tulijua anayeambiwa ni nani.

"Muulize mume wako, mvua ya huku hunyesha saa ngapi?"

"Mchana, mama."

"Na kabla ya mchana jua huwa upande gani?"

Mke wangu akanitazama kutoka juu.

"Wimbi langu la uji naanika upande wa mashariki tangu niolewe," mama akaendelea. "Wingu likija saa nane, nimeshaanua."

Sikutaka kubishana naye, wala sikutaka kushindwa. Nikaomba tupime kwanza. Tukafunga paneli moja kaskazini na nyingine mashariki, kila moja na mita yake. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mke wangu akabaki kwa mamake, na kila jioni akawa ananisomea namba kwa simu. Siku ya kwanza mashariki ilikuwa mbele. Siku ya pili pia. Siku ya tatu alianza kucheka kabla hajasoma chochote, nami nikacheka peke yangu kwenye karakana yangu mjini Kisii hadi mteja akaniuliza kama niko sawa.

Nilirudi Manga, tukapanga paneli zote sita mashariki. Mama mkwe alituletea uji, kikombe changu akakiweka mbali kidogo kama inavyotakiwa.

"Mwambie mume wako hesabu zake ni nzuri," akamwambia bintiye, "ila hazijawahi kulima."

Wiki tatu na siku kadhaa baadaye, simu ya mke wangu ililia asubuhi akiwa anaosha vyombo. Akaiweka sauti ya juu. Mamake hakuzungumza, alikuwa ameisogeza simu karibu na mashine, na tukasikia vifaranga wengi wakilia kwa pamoja. Mke wangu alicheza pale pale jikoni, povu likimtiririka hadi viwikoni, nami nikaacha chai yangu nikacheza naye.