Mayai ya Pomboo

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mchoraji wa mabango. Tunamwita Rula kwa sababu anapiga mstari ulionyooka bila rula. Maneno yake ya kuhesabu. Msemaji wa ukoo ni mimi. Darasa la sita nilikaa miaka miwili, kwa hiyo nalijua kuliko nyie mliolipita mbio.

Shule ya jirani ilimpa ukuta mmoja wa majaribio. Akiupatia, anapewa madarasa yote kumi na moja. Mwalimu mkuu alimwandikia karatasi ya kuwalinganisha pomboo na chiriku: wote wana damu ya moto, wote wanavuta hewa kwa mapafu, watoto wao hujifunza sauti kwa kuwasikiliza wakubwa. Ila chiriku hutaga mayai. Pomboo huzaa na kunyonyesha.

Nilikuwa nimemshikia ngazi. Nikawa namsomea karatasi, na nilipofika hapo mwisho nikacheka mpaka ngazi ikatikisika. Nikamwambia mwalimu kachanganya, kitu chenye mapezi ni samaki, na samaki hutaga. Rula akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Nikamuuliza kati yetu nani kakaa shule zaidi. Basi, mimi ni kaka wa mkewe, angesema nini? Akachovya brashi, akaandika kwa herufi nzuri ajabu: Pomboo hutaga mayai.

Asubuhi watoto walijaa ukutani wakishika mbavu. Mwalimu mkuu akamuuliza Rula kama karatasi aliisoma. Ilikuwa mfukoni mwa shati la Rula, imekunjwa mara nne.

"Nimekosea mwenyewe, mwalimu," alisema.

Nami nipo hapo hapo na ngazi yangu. Mdomo huu unaochosha watu harusini ulikauka kabisa. Rula alifuta, akaandika upya, lakini yale madarasa alipewa mwingine.

Jioni dada alimsema mbele yangu, huku akinimiminia chai. "Si ungemuuliza kaka? Mwenzio kasoma."

Rula akaendelea kubandua rangi kwenye kucha. Nikashindwa kuvumilia.

"Dada, ni mimi niliyemwambia aandike vile."

Akanitazama kwa upendo, akacheka. "Acha kumtetea, kaka. Una huruma mno wewe."

Hapo ndipo nilipotakiwa kurudia, kwa sauti ile ninayojisifia nayo. Nikachukua kikombe, nikanywa. Rula akanisogezea sukari.