Nilivyojifunza detekta ya dhahabu Galula, ikaja kusema ukweli kwenye mpaka wa shamba la mama

Wakuu, salamu zenu popote mlipo, wa mjini na wa porini.

Leo sijaja na stori ya kuambiwa. Hii imenitokea mimi mwenyewe na malengelenge ya mikononi bado yapo. Nitaandika ilivyokuwa, hata pale nilipochekwa, na nilichekwa sana tu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke, fundi cherehani hapa Tunduma, kwetu ni Mbozi kwenye kahawa. Baba alishatangulia. Mama yupo shambani peke yake na ukimwambia ahamie mjini anakuuliza kuku utamwachia nani.

Nilikuwa na cherehani mbili. Moja ilikaa bure baada ya mwenzangu tuliyekuwa tunashona naye kuolewa Sumbawanga. Nina mteja wangu Mzambia wa Nakonde, hapo ng'ambo tu. Siku moja akaja na detekta ya dhahabu imefungwa kwenye blanketi. Imemshinda, na mke wake anataka cherehani.

"Bamayo," akaniita, yaani mama kwa lugha yao, "hii mashini ni strong sana. Ni mimi tu sina luck."

Tukabadilishana. Kitu kwa kitu, hakuna aliyelia.

Mume wangu aliporudi akaikuta imeegemezwa ukutani. Aliiangalia juu mpaka chini, kisha akauliza, "Na hii inashona nini?"

Hilo swali liliniuma wakuu. Nikasema moyoni, nitakuonyesha.

Bahati nzuri nina wifi yangu, dada yake na huyo mume wangu, anaitwa Salome. Yeye yupo Galula, miaka mingi anapiga detekta mashambani na kwenye makorongo. Nikampigia simu, akacheka mpaka akakohoa.

"Wifi, wewe umezoea kutafuta sindano iliyoanguka chini ya meza. Huku utaweza?"

Nikamwambia sindano ni ndogo kuliko dhahabu yenu. Nikafunga duka wiki mbili, nikapanda gari mpaka Mkwajuni, kutoka hapo bodaboda mpaka Galula. Sisi wa Mbozi tumezoea baridi. Kule jua linakuchapa kama una kosa.

Siku ya kwanza mashine ililia tangu naiwasha. Nikasogea kushoto, inalia. Kulia, inalia. Nikajua nimesimama juu ya utajiri, nikaanza hata kuhesabu vyumba vya nyumba.

Wifi akaniangalia miguu. Nilikuwa nimevaa zile gambuti ngumu zenye chuma mbele, za mume wangu. Nikivuta koili karibu yangu inalilia kiatu. Koili, kwa msiojua, ni ile sahani ya chini inayonusa ardhi.

Nikavua, nikapewa kandambili. Ikalia tena. Safari hii ilikuwa simu mfukoni.

Tukaanza upya. Nikafundishwa kwamba koili inafagia chini kabisa, sawa na ardhi, polepole, na kila ufagio unapanda kidogo juu ya ule uliopita. Mimi nilikuwa nainyanyua mwishoni kama napepeta mchele. Wifi akawa ananigonga kiwiko kila nikinyanyua.

Pia nikafundishwa kuituliza mashine na udongo. Udongo wa kule una madini mengi, usipoisawazisha inapiga kelele yenyewe. Halafu kuna mawe mekundu yanayolia vizuri kuliko hata dhahabu. Nilijaza mfuko mzima siku ya pili, wifi akaniambia niyapeleke Tunduma nikajengee choo.

Somo lililokuja kunitesa baadaye ni la chuma.

Mashamba ya kule yamejaa misumari, waya, vipande vya sururu. Ukichimba kila kinacholia utazeeka shambani. Kwa hiyo kuna setting ya kukata chuma. Ukiiwasha, mashine ikipita juu ya chuma inanyamaza, inalia kwa vingine tu. Wifi akaiwasha, akasema, "Hapa usiguse. Chuma siyo riziki yako."

Nikalishika hilo neno kama amri ya kanisani.

Sasa siku ya nne nikafanya kosa ambalo Galula hawajalisahau. Kule kuna mwiko mmoja: ukipata, funga mdomo. Fukia, kaa, kunywa maji, mwite mwenzako taratibu. Mimi mashine ilipolia mlio mtamu nikapiga ukelele, "Wifiii! Imelia!"

Wakuu, sijui watu walitokea wapi. Bodaboda ziliacha abiria. Kabla sijaweka koili chini kulikuwa na watu kama arobaini na masururu, wanachimba nilipokuwa nimesimama. Rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu, imelipuka na mimi ndiye chanzo.

Kilichotoka ni kizibo cha chupa, cha alumini.

Mwenye shamba alinidai nifukie mashimo yote, na nilifukia, jua la saa saba, huku wanaopita wakiniita Mama Kizibo. Usiku nilitaka kurudi Tunduma. Wifi akanipakulia ugali, akasema aliyeniita jina hilo yeye mwenyewe aliwahi kuchimba sufuria lake la nyumbani. Nikabaki.

Siku ya tisa nikapata. Mlio mdogo, mkavu. Nikachora msalaba kwa koili, nikachimba, nikagawa udongo kwa kikombe cha plastiki, nusu hii kimya, nusu hii inalia, nikagawa tena, tena, mpaka kiganjani kikabaki kipande kidogo kama punje ya ulezi. Njano.

Sikupiga kelele. Nilikaa chini, nikalia kimyakimya kama mtu mzima. Hakikuwa kitu cha kujengea nyumba, ila nilikipata mimi, mikono yangu, masikio yangu. Mume wangu nilimtumia picha bila maneno.

Basi nikiwa huko huko mama akapiga simu. Kwa sauti tu nikajua kuna jambo.

Shamba la mama linapakana na la Baba Mdogo, mdogo wake na marehemu baba. Mpakani kulikuwa na mstari wa minyaa. Minyaa ikafa, ikang'olewa, na Baba Mdogo akaanza kusema mpaka wa kweli unapita katikati ya kahawa ya mama. Kwa mstari wake, mama angepoteza mistari saba. Hiyo ndiyo kahawa aliyoipanda na baba mwaka waliooana. Ndiyo imetusomesha wote.

Wazee wa kitongoji walishasikiliza pande zote. Wakasema Jumamosi wanakuja kupanda mpaka mpya, na kama hakuna ushahidi watafuata maneno ya Baba Mdogo, kwa sababu siku ndugu walipogawana yeye alikuwepo na mama alikuwa bado hajaolewa.

"Ushahidi upo mwanangu," mama akasema. "Baba yako alizika majembe."

Ilikuwa tabia ya baba, mwenyewe alimsimulia mama. Walipogawana, kila kona alizika jembe lililoisha, yale ya zamani yenye mkia wa kuchomeka kwenye mpini. Na mkia aliulaza uelekee kona inayofuata. Wazee walishajaribu kuchimba mara mbili wakaambulia mizizi. Baba Mdogo akawaambia hayo majembe yalishaliwa na kutu.

Nikamwambia mama, "Usihangaike. Jumamosi nakuja na mashine."

Nilisema kwa majivuno kweli. Mtu aliyeokota punje ya ulezi ardhini atashindwa jembe zima?

Jumamosi asubuhi watu walijaa. Wazee watano, majirani, Baba Mdogo na wanawe, mama na kitenge chake cha kanisani. Nikavaa headphone, nikaanza kufagia kona ya chini, mwendo wa fundi.

Kimya.

Nikapanua eneo. Kimya. Nikaenda kona ya juu, kimya. Saa nzima inakatika, watu wameanza kukaa chini. Mtu mmoja akauliza kama mashine imewashwa. Baba Mdogo akasema kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliouma, "Mwanangu, mashine ya dhahabu itafute dhahabu. Mpaka tuachie wazee."

Mama alijifunga kitenge upya. Alikuwa anaziangalia kahawa zake, zilikuwa zimeanza kuiva.

Nikarudi kona ya chini. Mzee mmoja alikuwa ameketi hapo, panga lake amelilaza kwenye majani. Nikafagia karibu yake, koili ikapita juu ya panga lile.

Haikulia.

Nikasimama. Nikapitisha tena juu ya panga, makusudi. Haikulia.

Wakuu, hapo ndipo nikaelewa. Nilikuwa natafuta jembe na mashine iliyoambiwa inyamaze ikiona chuma! Tangu Galula ile setting sijaigusa, maana nilikatazwa. Nikageuka pembeni nikajifanya naangalia betri, nikaizima ile setting, nikarudi na sura ya mtu aliyekuwa anajua anachofanya.

Hatua chache tu, ikalia. Mlio mnene, mpana, siyo msumari.

Lakini sasa sikilizeni mahali ilipolia. Haikulia kwa Baba Mdogo. Ililia ndani, kwenye maharage ya mama, hatua sita kutoka pale mama alipokuwa anasema mpaka unaishia.

Na headphone ninazo mimi. Hakuna mwingine aliyesikia.

Nitasema ukweli maana niliahidi. Nilipita. Nilipiga hatua mbili mbele kama sijasikia kitu. Mama alikuwa amesimama pale pale kwenye maharage, ananiangalia usoni kwa matumaini, na mimi nilikuwa nataka ashinde. Nilitaka sana.

Kisha nikajiuliza, nikilipata la kule juu, nikawaambia wazee hili ni la kweli, nitakuwa nawaambia kwa mdomo upi?

Nikarudi. Nikavua headphone, nikachomoa waya, nikaipitisha tena pale pale. Shamba zima likasikia.

"Chimbeni hapa," nikasema.

Walichimba wanawe Baba Mdogo, kwa furaha. Kina cha shubiri moja na nusu, sururu ikagonga. Jembe. Limekuwa jekundu kwa kutu, ila umbo lake lipo, na mkia wake upo.

Mama akaja karibu, akaninong'oneza, "Mwanangu, umenichimbia mimi?"

Nilitamani ardhi ifunguke.

Lakini mzee mwenye panga alikuwa amepiga goti kwenye shimo. Akasema jembe lisiguswe. Akaangalia mkia ulikoelekea, akaomba kamba. Wakaifunga, wakaivuta kufuata mkia, kupandisha mlima. Kamba ikapita, ikapita, ikaziacha kahawa za mama zote upande wa mama. Mistari yote saba. Ikaenda kuishia ndani ya mahindi ya Baba Mdogo.

Nikaenda mwisho wa kamba na spika wazi. Sikufagia hata mara tatu. Ikalia, watu wakapiga makofi kabla hata ya kuchimba. Jembe la pili lilitoka likiwa zima kuliko la kwanza.

Watu wakamgeukia Baba Mdogo. Alikuwa anafuta udongo kwenye lile jembe kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Wazee, siku ile nilimshikia kaka taa ya karabai, jua lilikuwa limezama. Nililisahau hili kwa sababu nilitaka kulisahau. Huyu binti angeweza kunificha la kule chini na hakunificha. Sina neno."

Mpaka ukapandwa pale pale. Hatua sita za maharage zikaenda kwa Baba Mdogo, na yeye akasema mama avune kwanza.

Najivuna wakuu, sifichi. Wifi Salome nilimpigia kumlaumu kuhusu ile setting, akaniambia yeye alinifundisha kutafuta dhahabu, hakujua nina ukoo unaozika majembe. Mume wangu ndiye ananibebea mashine siku hizi. Tayari wamenipigia watu wa vijiji viwili wenye ugomvi wa mipaka yao, na sharti langu ni moja: headphone sivai, tunasikia wote.

Nilichojifunza: kabla hujailaumu mashine, jiulize umeiambia inyamazie nini. Na kwa wanaoanza, gambuti za chuma acheni nyumbani.

Mama jioni ile hakunisemesha vizuri. Jumapili kanisani ukafika wakati wa shukrani, akasimama. Nikainamisha kichwa. Akasema, "Namshukuru Mungu kwa kahawa yangu. Na namshukuru kwa mtoto ambaye alinichimbia mimi kwanza."

Karibuni kwa maoni, na wenye detekta leteni uzoefu wenu. Ila swali langu kwa wote ni hili: ukiwa wewe peke yako ndiye uliyesikia, na anayeumia ni mama yako, ungerudi zile hatua mbili?