Mananasi Yasiyoisha ya Mama Emelyne

Siku Malale alipomwona Gaudiose kwa mara ya kwanza, ng'ombe wake wawili walikuwa wamesimama katikati ya mananasi ya mama huyo, mkokoteni umelala ubavu na marobota ya tumbaku yametapakaa. Gaudiose alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wewe Msukuma! Barabara yote hii ya Katumba hukuiona?"

Malale alikuwa mtu wa haya. Mkewe alikuwa amefariki zamani, na tangu hapo hakuwa amezungumza na mwanamke zaidi ya kuulizia njia. Akainamisha kichwa.

"Niliiona, mama. Ng'ombe ndio hawakuiona."

Gaudiose akajikaza asicheke, ikashindikana. "Basi waambie ng'ombe wako wapande upya."

Aliyepanda ni Malale. Gaudiose akamsimamia, akimwonyesha namna ya kubandua vichipukizi kwenye mashina yaliyovunjika, kuviacha juani hadi pale vilipobanduliwa pakauke, kisha kuvifukia bila kuingiza udongo katikati ya majani. Malale alirudi kwao mikono imechanika kwa miiba. Wiki iliyofuata akaleta samadi, mkokoteni mzima, akisema alikuwa anapita tu. Njia yake ilikuwa upande wa pili wa kijiji, na wote wawili walijua.

Kidogo kidogo akaielewa nyumba ile. Jean Bosco, mume wa Gaudiose, alipofariki, alimwachia mtoto mmoja wa kike, Emelyne. Callixte, mdogo wake marehemu, akalitaka shamba, kwa kuwa binti ataolewa na ardhi iende kwa watu wengine. Lakini ndugu waliona aibu kumtoa mjane mwenye mazao shambani. Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema mbele ya watu wote: akae mpaka avune alichopanda.

Walikuwa wanaangalia mahindi. Hakuna aliyezunguka nyuma ya jiko, ambako mjane alikuwa na mstari wa mananasi aliyompandia mtoto.

Mahindi yalipokwisha, Callixte akaja na baiskeli yake. Gaudiose akampeleka nyuma ya jiko. Nanasi linataka zaidi ya mwaka kuzaa, na likishakatwa, shina linatoa vichipukizi, navyo Gaudiose alivipanda. Kila Callixte alipokuja, kulikuwa na kitu ardhini hakijakomaa. Wazee wakacheka, lakini neno lao wasingeweza kulimeza.

"Shemeji, yameiva?" Callixte aliuliza siku moja Malale akiwepo, hajashuka kwenye baiskeli.

"Bado, shemeji."

"Haya mananasi yana roho ngumu."

"Yamemfuata mwenyewe."

Callixte akatabasamu. Naye hakuwa mjinga, alikuwa amewarudia wazee na neno la pili, nao wakalikubali: mwenye mazao huyalinda. Siku Gaudiose atakapolala nje ya boma lile, itajulikana kwamba ameyatelekeza, na shamba litarudi kwa ukoo.

Kwa hiyo hakulala nje. Mdogo wake Rosine alipoolewa Sitalike, Gaudiose alipeleka zawadi kwa mkono wa Malale. Emelyne alipokwenda Mpanda kujifunza ushonaji, mama alikuwa akimtembelea kwa mbio, anafika, anamshika shavu, anarudi stendi kabla chakula hakijaiva. Na vichipukizi havikuwa na huruma. Nyuma ya jiko pakajaa, akapanda ubavuni mwa nyumba, kisha mbele, hadi kijia cha kwenda mlangoni kikabaki chembamba, akawa anapita kiubavu ameshika khanga isinaswe. Malale alipomtazama kutoka barabarani, aliona kichwa na mabega tu, kama mtu aliyesimama kwenye maji.

Alitaka kumwambia neno. Kaka yake alikuwa anamwita Kibaoni wakalime mpunga, na nyumba ilikuwepo. Lakini kila alipofungua mdomo aliishia kuuliza kama samadi inatosha.

Kisha Emelyne akaja kutoka Mpanda. Malale alikuwa anashusha samadi, akasikia yote.

"Mama, mimi sitarudi kuishi hapa. Nimepata mtu, tunajenga mjini. Mwachie baba mdogo hili shamba."

"Nimelikalia kwa ajili yako, Emelyne."

"Najua, mama. Ndiyo maana nakuambia, toka."

Usiku ule Malale hakulala. Asubuhi akavaa shati lililopigwa pasi, akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akaja. Akamkuta Gaudiose amepiga magoti karibu na kizingiti, anafukia vichipukizi.

"Mama Emelyne," alisema, na safari hii hakutazama chini. "Nahamia Kibaoni. Nyumba ipo. Mkokoteni una nafasi."

"Nafasi ya nani? Ya samadi?"

"Yako."

Mwanamke akapangusa mikono kwenye khanga.

"Ungesema zamani ningekukatalia kwa sababu ya mtoto. Leo sababu sina, na bado miguu hainyanyuki. Naamka, nauliza lipi limeiva, lipi bado. Hilo ndilo najua kuuliza. Huko kwako nitaamka niulize nini?"

"Nimebeba plau," Malale akasema haraka, kabla haya haijamrudia. "Ukisema tu, nafunga. Kabla ya mchana hapatakuwa na nanasi hata moja hapa."

Gaudiose akawatazama wale ng'ombe, kisha plau. Akasimama, akapiga hatua moja kuelekea barabarani. Khanga ikanaswa na jani. Angeweza kuivuta ikachanika, wala haikuwa mpya. Akainama akainasua taratibu, mwiba kwa mwiba, na alipomaliza alikuwa amerudi chini, mkono umeshaokota kichipukizi kingine.

Malale akasubiri mpaka ng'ombe wakaanza kukanyagakanyaga. Akaaga. Alikuwa ameshashika kamba aliposikia sauti yake, uso haukuonekana katikati ya majani.

"Malale, huko Kibaoni usije ukapanda nanasi. Lima mpunga. Mpunga ukivunwa, unaisha."