Kengele Ndogo, Boksi la Feni

Kibe alijua kosa ni lake kabla hajashuka kwenye ngazi. Alikuwa amefungua kibao cha kwanza kwenye dari ya bweni, na badala ya boksi dogo la duara alilolizoea, alikuta chuma kipana kama sahani ya ugali, kimezamishwa ndani ya zege. Akaitoa kengele ya moshi mfukoni, akaiinua mpaka pale. Ikaingia yote ndani ya tundu kama yai kwenye sufuria, isiguse ukingo wowote.

"Mzee, inakaaje?" Walubengo, fundi mwenzake, aliuliza kutoka chini, ameishika ngazi.

"Haikai."

Bweni lilikuwa la shule moja ya wasichana upande wa Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Lilijengwa kwa harambee, na kwa sababu ya joto la huko wazazi waliahidi feni kwa kila chumba. Fundi wa wakati ule akaweka maboksi makubwa ya kubeba feni, akavuta na nyaya. Feni zenyewe hazikuja. Watu walipiga makofi siku ya harambee wakaenda zao nyumbani, na matundu yakafunikwa kwa vibao vyeupe. Sasa, Januari 2005, bodi ya shule ilikuwa imeamua kwamba hakuna msichana atakayelala humo kabla ya kila chumba kuwa na kengele ya moshi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Wasichana walitarajiwa Jumatatu.

Kibe alikuwa mtu wa Kitale, na Kitale hakuna anayeweka feni. Wazazi wake walitoka Nyeri wakapata shamba huko alipokuwa mdogo, na ujana wake wote aliumaliza akivuta nyaya kwenye posho mili za kusaga mahindi, makanisa na maduka ya mji ule wa baridi. Desemba alipokuja kuipima kazi hii, angepanda ngazi akafungua kibao kimoja tu, angeona. Lakini bega lake la kulia lilikuwa linawaka moto siku hiyo. Alisimama katikati ya chumba, akaitazama dari kutoka chini, akajiambia kwamba boksi ni boksi. Miaka kumi nyuma asingefanya hivyo hata kama ana homa.

Akampigia simu Ranjit, mwenye duka la vifaa vya umeme kule Kitale.

"Nataka vifuniko vya maboksi ya feni."

"Feni?" Ranjit akacheka. "Kibe, tangu baba yangu afungue hii duka hakuna mtu ameniuliza feni. Hapa watu wanavaa sweta wakienda shamba! Ngoja wiki moja, nitakuletea kutoka Nairobi."

"Wiki sina."

"Basi kata bati, rafiki yangu. Chora, toboa. Si wewe ni fundi?"

Walubengo alikuwa na njia yake. Yeye alikuwa mwenyeji wa Bumula, mdogo kwa Kibe, na walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi, Kibe akileta za Kitale na yeye za Bungoma.

"Mzee, tuachane na haya mambo ya bati. Tuweke kipande ya plaiwudi, tupake gundi, tupake rangi. Nani atapanda huko juu kuangalia?"

"Na nyaya?"

"Si zitakuwa ndani?"

"Zitakuwa ndani na boksi wazi, zinagusana na plaiwudi. Tuweke kitu cha kuzuia moto, halafu kiwe ndicho kinaleta moto?"

"Ati sasa nimekuwa mchomaji wa mashule," Walubengo alisema, akakung'uta vumbi kwenye kofia. "Haya bana. Bati."

Basi mchana ule waliutumia kwa mafundi wa jua kali wa mjini, wakikatiwa vipande vya bati nene. Kibe alivichora kimoja kimoja: matundu mawili pembeni ya kupokea skrubu zinazoingia kwenye masikio ya chuma ukingoni mwa boksi, tundu la katikati la kupitisha nyaya, na mengine madogo ya kushika kitako cha kengele. Alipomaliza, mkono wake haukuweza kushika kikombe cha chai. Alikunywa kwa mkono wa kushoto, akiwa amegeuka ili Walubengo asimwone. Walubengo alimwona.

Hii ilikuwa kazi yake ya mwisho. Alikuwa amemwahidi mkewe, Nyaruai, ambaye kila jioni alimkanda lile bega kwa dawa na kila jioni alisema neno lile lile: "Baba Gicheru, huo mkono ukiuvunja kwa dari ya watu, mahindi ya shamba letu la Tongaren nitapanda na nani?" Kibe alitaka kuacha. Alikuwa amechoka na ngazi, na vumbi la dari za wengine machoni. Kilichomsumbua ni wateja. Mteja wa umeme hakuachi. Taa ikizima usiku anakutafuta wewe. Kila mmoja angemuuliza ampigie nani, na jina lililokuwepo lilikuwa moja tu, la mtu mcheshi, anayependwa, mwenye mikono ya haraka. Kibe alikuwa hajalitamka kwa mteja yeyote.

Jumamosi asubuhi walizima umeme wakaanza. Kibe alipanda ngazi, akainua kifuniko cha kwanza, na kabla skrubu haijashika mkono ukaanguka wenyewe, kama si wake. Akashuka.

"Wewe kaa chini uniunganishie vitako," Walubengo akasema. "Mimi nitapanda. Wewe ni injinia sasa."

Kibe akakaa kwenye ukumbi, akifunga vitako kwenye mabati na kumpelekea. Vyumba vya kwanza vilikwisha upesi, upesi kuliko alivyopenda. Walipofika chumba cha nne akaingia, akachukua fagio lililoegemea ukutani, na kwa mkono wa kushoto akausukuma ukingo wa kifuniko kwa ncha ya mpini. Kifuniko kikazunguka juu ya dari kama mkono wa saa, na kengele juu yake.

"Umefunga skrubu moja."

"Ile sikio ingine imejaa simiti, mzee. Tangu wajenge. Na hii kitu ni nyepesi kama mandazi, moja inatosha."

"Inatosha leo."

"Na kesho itaanguka? Kwani kuna nani anaining'inia?"

"Wasichana wataanika nguo hapo. Unawajua wasichana?"

"Mimi nina watatu nyumbani, usiniambie." Walubengo alikuwa amekasirika sasa. "Mzee, wewe huwezi kupanda, na huwezi kuniacha nipande. Sasa unataka nini?"

Kibe alilaza fagio sakafuni, akaketi juu ya kitanda cha chuma kisicho na godoro. Lile swali lilikuwa lake mwenyewe, na amelibeba tangu Kitale. Alihisi kwamba akipewa godoro angelala hapo hapo mpaka shule ifunguliwe.

Kisha akasikia nyundo. Walubengo alikuwa amekishusha kifuniko, na kwa msumari alikuwa anachokoa simiti kwenye tundu la sikio, polepole, vumbi likimwangukia kwenye kope. Alichokoa mpaka skrubu ikaingia, akaikaza, akashuka. Akaliokota fagio, akasukuma kifuniko. Hakikusogea.

Halafu, badala ya kuhamisha ngazi chumba kinachofuata, akaibeba kurudi nyuma, na fagio kwapani.

"Unaenda wapi?" Kibe aliuliza.

"Chumba ya kwanza. Na ya pili." Hakugeuka. "Usiniulize."

Kibe alikaa akasikiliza nyundo ikigonga kule mbele, ikinyamaza, ikigonga tena.

Jua lilikuwa limeinama walipowasha umeme. Matroni, mama mmoja aitwaye Rosaline, alipita chumba kwa chumba akibonyeza kengele kwa kijiti, akiziba sikio moja kila ilipolia. Mwishoni alitoa simu yake.

"Fundi, hizi vitu zikilia bure usiku na wasichana wakimbie nje na shuka, nimpigie nani? Wewe uko mbali."

Walubengo alikuwa anafunga ngazi kwa kamba. Akaacha kufunga.

"Mpigie Walubengo," Kibe alisema. "Ni wa hapa Bumula. Mimi nimeacha."

"Umeacha lini?"

"Leo."

Rosaline akaandika, Walubengo akimtajia namba kwa sauti ya chini isiyo yake. Kibe alitaka kuongeza neno, kwamba ni fundi mzuri, au kwamba amwangalie akiwa kazini. Yote mawili yalikuwa kweli. Akayaacha, akaomba maji ya kunywa.