Mashine Kubwa Mezani kwa Meneja

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Korogwe, karani mkuu alinipa kiti kisicho na mgongo na taipureta iliyong'oka herufi. Darasa la saba ndilo nililokuwa nalo, na vidole vyepesi. Akaniambia, "Binti, hapa haraka siitaki. Nataka usahihi." Shirika la mkonge lilikuwa la umma, na watu walizeekea kwenye viti vyao.

Kisha likauzwa. Akaja meneja wa kampuni iliyolinunua, tai shingoni hata kwenye joto la mwezi wa pili. Taipureta zikatupwa stoo, zikaletwa kompyuta. Moja ilikuwa kubwa kuliko zote, wakaiita sava. Kazi yake ni kutunza mafaili ya ofisi nzima. Kila mchapaji ana mashine yake ndogo, na waya unatoka hapo mpaka kwenye sava. Ukitaka faili unaliita kutoka kule, ukimaliza unalirudisha kule. Sava ikizidiwa, ofisi nzima imekwama.

Sasa sikilizeni ilikowekwa. Fundi aliyeileta kutoka Tanga alisema ikae chumba cha peke yake chenye feni, asiiguse mtu. Meneja akacheka.

"Mashine kubwa ikae na mafagio, halafu mimi nitumie ndogo?"

Ikapandishwa mezani kwake. Wala hakuna aliyeshangaa. Kwetu kiti kikubwa ni cha mkubwa, kikombe kikubwa ni cha mkubwa, basi na mashine vilevile.

Haukupita muda ofisi ikawa inatambaa. Unaliita faili la wakata mkonge wa Magoma, unakwenda kunywa maji, unarudi, bado. Taarifa za mwezi zikachelewa. Na wakati wenyewe ndio ule wa kupunguza watu, kila mtu anaishi roho mkononi. Meneja akaja akasimama mbele ya Mwanaidi, mjane aliyekaa meza ya jirani yangu, analea watoto kwa kazi hiyo hiyo.

"Wewe mama ndiye unayetuchelewesha. Taarifa zikichelewa tena, unakwenda nyumbani."

"Mzee, mimi nasubiri faili tu."

"Unasubiri faili kama mtu anayesubiri mahari!"

Wanaume wakacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo sioni cha kuchekesha.

Fundi akaitwa tena. Huyu alikuwa na utaratibu, hakukimbilia kufungua mashine za watu. Alikagua nyaya moja moja, akakagua kile kisanduku zinapokutania. Kisha akatuma faili kutoka mashine yangu mpaka ya Mwanaidi bila kulipitisha kwenye sava. Likafika papo hapo.

"Basi nyaya nzima, na mashine zenu nzima," akasema. "Tatizo hili lipo siku zote?"

"Meneja akisafiri, zinakimbia," Mwanaidi akajibu.

Ofisi nzima ikainamia meza. Fundi akaenda kwa meneja, mlango ukabaki wazi, tukasikia yote. Mkubwa alikuwa ananakili video za harusi ya bintiye ili awagawie ndugu, na huku anacheza karata kwenye mashine hiyo hiyo. Nguvu ya sava yote inaliwa na harusi, sisi tunagombania makombo.

"Mzee, ningeomba uhamie mashine ndogo, hii ibaki na mafaili tu."

"Nimekuita utengeneze kompyuta au unipangie meza?"

Fundi akakusanya bisibisi zake. Ndipo nikainuka mimi, nikaingia.

"Meneja, Mwanaidi hana kosa. Kinachotuchelewesha ni hiyo harusi iliyo mezani kwako."

Alinitazama kama nimemtukania mama yake. Harusi ikaendelea kunakiliwa, na mwisho wa mwezi taarifa zikachelewa. Mwanaidi akapunguzwa. Mimi nikahamishiwa Handeni, kwenye ofisi ndogo pale Chanika, nikajifunze adabu.

Adabu sikujifunza. Sava ya Handeni ilipokuja, wabebaji waliniuliza, "Mama, tuipeleke kwa bosi?" Nikawaambia, stoo, na feni nikaiweka mwenyewe. Msimamizi wa tawi, kijana wa umri wa mwanangu, akanifuata.

"Shikamoo mama. Mbona mashine yangu siioni?"

"Marahaba. Si yako, ni ya ofisi. Ukiitaka sana, nipunguze na mimi."

Akaguna, akaondoka. Ufunguo wa stoo ulikaa kwenye fundo la khanga yangu mpaka nilipostaafu, na wachapaji wa Handeni hawakulisubiri faili.

Wanasema kustaafu kunatuliza moyo. Wangu haujatulia. Mwanaidi alirudi kwao Vugiri kushika jembe, na watoto wake wakakatisha shule kwa ajili ya video za harusi ya watu. Siku hizi nikiingia ofisi yoyote, binti wa dirishani akaniambia, "Bibi subiri, mtandao unasumbua," simgombezi. Nachungulia mlango wa mkubwa wake, nione mezani kuna nini.